Konzi ya Maranda ya Zamani

Mimi na uchafu hatuna undugu. Miaka thelathini na moja nimekuwa dobi wa hospitali. Nimefua mashuka ya wagonjwa, mapazia ya wodi, makoti ya madaktari wenye tabia ya kusahau kalamu mifukoni, na hakuna doa lililonishinda. Mtaani waliniita Bibi Klorini na wala sikununa, maana jina hilo nimelitolea jasho. Kwa hiyo mnielewe mtakaposikia nilichomfanyia mjukuu wangu. Sikufanya kwa roho mbaya. Nilifanya kwa usafi, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alipata kazi ya mkataba mbali sana, kwenda kutunza wazee wa watu kwa miaka miwili. Akaniletea mtoto wake, msichana wa miaka minane. Mtoto akaja na begi la nguo, sweta la kijivu la mama yake, na boksi la karatasi lenye simbilisi wawili. Kwa asiyewajua, simbilisi ni wanyama wa kupakata, wakubwa kuliko panya, wadogo kuliko sungura, hawana mkia, na kazi yao hapa duniani ni kula na kulalamika. Mmoja alikuwa na kifua cheupe kama kavaa shati la ofisini, anaitwa Karani. Mwenzake, mnene, mwenye dharau, anaitwa Bosi.

Binti yangu alilala kwangu usiku mmoja tu. Asubuhi tukamsindikiza mpaka barabarani, akapanda gari, hakugeuka nyuma. Najua kwa nini hakugeuka. Angegeuka asingeondoka, namjua, nimemzaa mwenyewe.

Mtoto hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikula vijiko vitatu, akasema "ahsante Bibi", akaenda kulala kajifunika lile sweta usoni. Kesho yake vijiko vitatu tena. Akitaka maji anaomba ruhusa, akimaliza kuoga anauliza taulo aliweke wapi, utadhani kafikia nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa na hofu moja tu moyoni, kwamba mtoto huyu hataiona nyumba yangu kuwa ni kwao. Miaka miwili ni mirefu mno kuishi ugenini kwa bibi yako mwenyewe.

Siku ya tatu boksi likalowa chini.

"Mke mwenzangu," nikamwambia. Ndivyo ninavyomtania tangu azaliwe, ingawa huyo mume tunayemgombania alishatangulia kabla hajamwona. "Hawa wapangaji wako watanitobolea sakafu. Kizimba chao kiko wapi?"

"Kilioza, Bibi. Mama alisema utatutafutia kingine."

"Mama yako ni hodari wa kunipangia kazi. Twende stoo."

Stoo kulikuwa na kitanda cha mtoto, cha mbao, chenye vijiti pembeni. Alikitengeneza baba yangu mimi nilipokuwa na ujauzito wa binti yangu. Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Nilipokifuta vumbi nikaona alama za meno kwenye ubao wa juu. Binti yangu alipoota meno alikitafuna kitanda chote kama anakilipiza kisasi.

"Haya ni meno ya nani?" mtoto akauliza.

"Ya mama yako. Alikuwa simbilisi kabla ya hawa."

Akacheka. Kidogo tu, lakini nilisikia. Akapitisha kidole kwenye zile alama, moja baada ya nyingine, na nikamwacha apitishe mpaka atosheke.

Mimi kazi ya kizimba naijua tangu utotoni, maana baba alifuga simbilisi sita kwenye karakana yake, chini ya meza ya kupigia randa. Mpaka leo nikipita penye mbao mbichi nasimama. Narudi kuwa na miaka saba, nimekaa juu ya gogo, nimeshika beseni lenye simbilisi wote sita wanapigiana kelele mapajani kwangu, na baba kainama anasafisha. Nilimkumbuka yeye kwa kila tulichofanya siku ile kukigeuza kitanda kuwa kizimba. Tulikata kapeti la plastiki, tukalikunja kingo juu kiasi cha kiganja ili mkojo usivuje. Tulizungushia wavu wa kuku kwenye vijiti wasije wakapenya. Maranda nilikwenda kuyaomba kwa seremala wa jirani, nikayapepeta kwenye ungo kwanza, kwa sababu vumbi la msumeno huwapa mafua. Tukaweka chupa ya maji yenye kijibomba, na bakuli zito la udongo wasiloweza kulipindua. Nyasi kavu tele.

Vibanda vyao tulivitengeneza kwa maboksi ya mbao, viwili, na kila kimoja nikakitoboa milango miwili.

"Kwa nini miwili?" mtoto akauliza.

"Mmoja akiingia kwa ubabe, mwenzake awe na pa kutokea. Hiyo ni sheria ya baba yangu."

"Baba yako alikuwa na akili."

"Mimi ndiye niliyezirithi, sema watu wa nyumba hii hawaoni."

Ndani ya vibanda tukatandika vitambaa laini. Simbilisi wakazunguka, wakanusa, na baada ya siku mbili Bosi alikuwa anarukaruka hewani kama kapandishwa cheo. Kila nikifungua friji, wote wawili wanapiga miluzi. Mtoto naye alikuwa anakaa chini pembeni ya kitanda, anawasimulia mambo ya shule, na mimi jikoni nakaza masikio. Vijiko vikawa vitano. Nikasema moyoni, tunakwenda vizuri.

Jumamosi iliyofuata mtoto alikwenda masomo ya ziada. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha, akirudi akute kizimba kinang'aa. Nikawatia simbilisi kwenye beseni na majani yao, nikakunja mikono ya gauni.

Hapo aliyeshika kazi si mtoto wa seremala tena. Alikuwa Bibi Klorini. Maranda yote nikayasomba, nikayafunga kwenye mfuko wa taka. Kapeti nikalisugua kwa siki, lile ganda jeupe la mkojo likatoka, nikasuuza, kisha nikapitisha klorini, nikasuuza mara tatu, nikaanika juani. Vibanda nikavifanya vivyo hivyo. Vitambaa nikavichemsha. Na kwa kuwa maji ya moto yalikuwa yamebaki, na mimi maji ya moto siwezi kuyamwaga bure, nikaingia chumbani kwa mtoto kutafuta cha kufua. Sweta lilikuwa juu ya mto. Mikono imefubaa, kola ina mafuta. Nikalitazama hivi, nikalichukua.

Lilitoka safi, siwezi kusema uongo. Nikalianika.

Mtoto aliporudi, kizimba kilikuwa kama wodi inayosubiri mkaguzi. Lakini ndani yake kulikuwa na vita. Bosi anagonganisha meno, manyoya ya shingo yamesimama, anamkimbiza Karani huku na huku, na Karani akiingia mlango huu anatokea ule, hana pa kutulia. Tango nililowawekea halikuguswa. Ndugu wawili waliozaliwa siku moja, wanatazamana kama hawajawahi kuonana.

"Bibi, wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Nimewasafishia tu, watatulia."

Akaenda chumbani kuweka begi. Akatoka, akapita mbele yangu mpaka uani kwenye kamba. Nilimwona dirishani. Alilivuta sweta, akazika uso ndani yake, akavuta pumzi. Akavuta tena, upande wa kola. Akavuta kwenye mikono. Kisha akalirudisha kwenye kamba taratibu, akalibana na vibanio viwili kama lilivyokuwa.

Aliporudi ndani akasimama mlangoni.

"Umelifua."

"Lilikuwa chafu, mama."

"Halikuwa chafu. Lilikuwa na mama." Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata. "Sasa lina sabuni tu. Bibi, nataka kwenda kwetu."

Kwao nyumba ilikuwa imeshapangishwa kwa watu wengine, na alijua. Akaenda akakaa chini kando ya kizimba, mgongo kwangu. Chakula cha mchana hakukigusa. Nilimwambia tumpigie mama yake, akatikisa kichwa. Simu inaleta sauti, siku hizi inaleta na sura, lakini harufu hailetwi na mtandao wowote.

Nikakaa jikoni nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo, nikamtamani baba yangu. Mwanamke wa umri wangu, nina mjukuu, namtaka baba. Nikaanza kumpitisha kichwani anavyosafisha, hatua kwa hatua, nione nilipokosea. Anawatoa. Anakwangua ile kona yenye maji wanayoipenda kwa mambo yao. Anasugua, anakausha, anamwaga maranda mapya. Halafu, mwisho kabisa, anainama kwenye rundo la takataka, anachagua maranda makavu ya zamani, konzi moja, ujazo wa mkono uliofumbwa, anarudi kuyanyunyiza juu ya yale mapya.

Kila wiki. Na mimi kila wiki nilidhani ni ubahili. Nilimwuliza mara moja tu, akaniambia, "Waache wajue bado ni kwao," akaendelea na kazi, na mimi nikaona ni maneno ya wazee. Simbilisi hana macho ya kujivunia. Nyumba yake na ndugu yake anavijua kwa pua.

Gari la taka lilikuwa bado halijapita. Nikaenda uani, nikaufungua mfuko, nikapekua uchafu kwa mikono hii hii. Nikatoa konzi moja, makavu. Nikampelekea mtoto.

"Yanyunyize. Nusu kila kibanda."

"Ni ya zamani haya, yana harufu yao."

"Ndiyo maana. Niliwaondolea yote kwa mara moja, nikawafanya wageni. Baba yangu alikuwa anabakiza, mimi nikajifanya najua zaidi."

Akanyunyiza. Siwaongopei kwamba walikumbatiana papo hapo, Bosi ana kiburi chake. Lakini kabla jua halijaondoka dirishani, meno yalikuwa yamenyamaza, na Karani alikuwa anatafuna tango.

Mtoto akawatazama muda mrefu. Kisha, bila kunigeukia, akauliza, "Na harufu ya sweta umebakiza?"

Nilijua kabisa nina nini kabatini kwangu, na nilitaka nisiwe nacho. Nasema ukweli, nilisita. Ilinichukua muda kuliko inavyofaa kwa bibi.

Nikaingia chumbani kwangu, nikafungua kabati, nikatoa chini ya mashuka mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na foronya. Ni ile aliyolalia binti yangu usiku ule mmoja. Alipoondoka nilivua matandiko yote nikafua, mashuka, blanketi, kila kitu, ila foronya nilifika nayo mpaka kwenye beseni, nikaishika juu ya maji, mkono ukagoma. Mimi, niliyefua za nusu ya mji. Ilikuwa na mafuta ya nywele zake na lile jasho lake la usingizi ambalo analo tangu akiwa kichanga kwenye kitanda kile kile. Jioni nilikuwa naufungua mfuko kidogo, naufunga haraka isije ikaisha.

Nikampa. Akatia pua ndani ya mfuko, na sasa ndipo alipolia, kwa sauti, kamasi na yote. Nikamkalisha mapajani nikamwacha. Alipomaliza akaniangalia.

"Wewe ulikuwa unamnusa peke yako?"

"Ndiyo. Nilikuwa nakuibia."

"Kwa hiyo na wewe umemkosa."

"Sana, mke mwenzangu. Sana mno."

Akafikiri. Akanirudishia foronya. "Sasa ukinipa mimi, wewe utabaki na nini?"

Nikainuka nikachukua mkasi wa cherehani. Tangu nizaliwe sijawahi kukata kitambaa kizima kisicho na tundu, lakini siku ile nilikikata katikati, nikapinda kingo zisichanike, nusu yake, nusu yangu. Tulikubaliana sheria moja tu, kwamba hazifuliwi. Usiku ule alikula sahani nzima, akaniuliza kama kuna kilichobaki. Hakuomba ruhusa, alifunua sufuria mwenyewe.

Zilikaa hivyo miaka miwili na mwezi mmoja. Yangu ikawa ya kahawia. Yake usiseme, unaweza kuisimamisha ikasimama. Harufu ya mwenyewe iliisha mapema, nadhani, ikabaki yetu, lakini hakuna aliyethubutu kulisema. Kila Jumamosi tulisafisha kizimba wawili, na konzi ya mwisho aliitia yeye.

Binti yangu aliporudi, alilala mpaka saa nne. Mimi na mtoto tulikuwa uani, tumewapakata Karani na Bosi, tukasikia maji yanamwagika bafuni. Akatoka kajifunga taulo kichwani, mkononi kashika vipande viwili vya foronya, vimeloa, vinachuruzika povu.

"Mama, wewe ni wa kulalia matambara kama haya? Mtaani si wanakuita Bibi Klorini?"

Mtoto akanitazama. Nikamtazama. Binti yangu akazikung'uta, akazibana kwenye kamba na vibanio viwili viwili, akaja kukaa katikati yetu, na sisi tukamwegemea, kila mmoja upande wake, tukavuta pumzi.