Sufuria Moja, Makanisa Matatu

Makanisa yale matatu yalikuwa yameshajaribu mara mbili kulisha maskini wa mji kwa pamoja, na mara zote mbili yaligombana hata moto haujawashwa. Kwanza ilikuwa bango la nani litangulie, halafu kwaya ya nani iimbe. Wakubwa wakanuniana, na wanaolala vibarazani mwa maduka wakarudi kula kwa kubahatisha. Mama Mwiko, mpishi, ndiye aliyewabembeleza wakutane tena. Aliwaambia waziwazi kwamba safari hii ikiharibika, yeye hana tena mdomo wa kuwaita. Na usiku hakulala kwa hofu.

Jumatatu ya kufungua, ghala walilolifanya ukumbi likajaa hadi mlangoni. Wali ulikuwa umeiva, maharage yanatokota. Kilichobaki ni kupunguza moto, na hapo hapo Padri akapata wazo lake zuri.

"Mama, njoo katikati yetu tuombe."

Akamshika mkono wa kulia. Wa kushoto ukashikwa na mchungaji wa kanisa la ngoma, ambaye mji mzima ulimwita Radi. Mzee wa kanisa la wanaosali Jumamosi akasimama mbele yao, akisubiri zamu.

Padri aliomba kwa kifupi, yaani kifupi cha padri. Radi akapokea, na Radi si mtu wa kukubali kuzidiwa. Akaombea mji, mvua, wagonjwa, wasafiri, kisha akaurudia mji kana kwamba haukusikia. Mama Mwiko akafumbua jicho moja. Pua ilikuwa imeshamwambia: maharage yanaanza kushika chini. Akavuta mkono. Radi, akidhani mama kaguswa na Roho, akaukaza zaidi.

Umati ule ukilishwa maharage ya kuungua siku ya kwanza, lawama zitaanza: moto wa nani, zamu ya nani, ombi la nani. Alijua vizuri zinakoishia. Na Mzee alikuwa hajaanza, ila alishasafisha koo.

Radi aliposita kuvuta pumzi, Mama Mwiko akajaza kifua.

"AMINA!"

"Amina!" ukumbi mzima ukaitikia, kwa imani kubwa ya watu wenye njaa.

Akachomoa mikono, huyoo, mbio jikoni. Akamimina maharage kwenye sufuria nyingine, ya chini akayaacha hukohuko. Akaonja. Yalikuwa salama, tena matamu. Alipogeuka, Radi alikuwa amesimama nyuma yake, uso umemvimba.

"Mama, sikuwa nimemaliza."

"Najua, baba. Malizia huku unapakua." Akampa upawa.

Mzee ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Ombi langu lilikuwa refu kuliko yote! Nipeni maji nigawe." Padri akabeba sahani. Radi akautazama upawa, akavua koti, akakunja mikono ya shati.

Watu walikula wakaongezwa. Mwishoni babu mmoja wa vibarazani akarudisha sahani yake, akauliza kwa uangalifu, kama alivyozoea kuuliza miaka yote:

"Na kesho ni siku ya kanisa gani?"

Radi, shati limejaa mchuzi, akajibu kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kesho tupo wote, babu. Wewe njoo tu."

Mama Mwiko akaachia kigelegele alichokuwa amekibana tangu jaribio la kwanza.