Mkono Nyuma ya Shingo

Unaisi alikuwa na kasoro moja tu kwenye judo: hakushika shingo. Kwetu Fiji kichwa cha mtu aliyekuzidi umri hakiguswi. Hata ukitaka sufuria iliyo kwenye rafu juu yake, unainama, unaomba radhi kwa kusema "tilou", ndipo unanyoosha mkono. Mama yangu ni mama yake mkubwa, na mimi nimemzidi miaka saba. Kila tulipofanya mazoezi hapa Suva, mikono yake iliishia kifuani pangu, kama mtu anayenikung'uta vumbi.

"Unaisi, huyo dada yako si chifu," mwalimu Semisi alimwambia. "Ni mwanamke mzito, anakula mihogo tangu ajifungue."

"Mihogo ya nani, mwalimu? Si ya mke wako?" nilimjibu.

Watu walicheka. Unaisi hakucheka.

Nafasi ya kwenda mashindano ya dunia katika uzito wetu ilikuwa moja, na fainali ya mchujo ikatukutanisha sisi wawili. Niliitaka. Nilikuwa nimeshakwenda ng'ambo, na kila safari nilitolewa pambano la kwanza na wanawake walionikamata ukosi nyuma ya shingo wakaniinamisha. Yule wa kwanza kabisa nilisubiri aniombe radhi. Nikiwa bado nasubiri, nilijikuta chali, natazama taa. Safari hii ingekuwa ya mwisho, na nilitaka mwanangu Timoci aje aambiwe kwamba mama yake alishinda hata pambano moja.

Asubuhi ile nilimnyonyesha, nikampa mama amshike, nikakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Unaisi alikuwa pembeni, anafunga mkanda na kuufungua. Nilijua nitamshinda. Mikono ile ya kifuani ningeiondoa hata usingizini. Halafu ningepanda ndege, na yeye angebaki na mikono yake ya chini mpaka azeeke.

"Njoo unisuke," nilisema.

"Mimi? Mama mkubwa si yupo?"

"Kashika mtoto. Njoo."

Alisimama nyuma yangu. "Tilou, dada."

"Usiseme. Suka tu. Vuta."

"Nitakuumiza."

"Nimezaa, Unaisi. Nywele ndizo zitaniumiza?"

Vidole vyake viligusa kichwa changu kwa ncha tu, kisha vikashika nywele vikavuta. Mama alitutazama, akageuka dirishani na mjukuu wake. Alielewa ninachokitoa.

Kwenye mkeka sikumwachia kitu. Nilimwangusha mara moja, kwa ubavu, nikapata alama. Tuliposhikana tena, nikaona macho yake yameinuka. Mkono ukapita juu ya bega langu, ukatua nyuma ya shingo, mzito, nami nikainama. Kisha mgongo wangu wote ukagonga mkeka.

Mwamuzi aliinua mkono juu kabisa, ishara ya ushindi kamili; pambano likaishia hapo. Nilibaki pale chini kidogo, maziwa yakinilowanisha kifua. Tulisimama, tukainamiana. Unaisi alikuwa analia.

"Umechelewa kuvuta," nilimwambia. "Huko hawatakungoja. Jumatatu tunaanza na hilo."

"Tunaanza?"

"Ulitaka ufanye na nani, Semisi na tumbo lile?"

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Haya, dada."

Timoci alikuwa analia njaa. Nilikwenda nikampokea.