Fundi Mabawa

Mtaa mzima ulimwita Mabawa, naye aliitika, maana jina la utani ukilikataa ndiyo kwanza linakuganda. Alikuwa fundi cherehani. Zamani alikuwa mnene wa kujaza mlango, mpaka sukari ilipopanda na daktari akamfokea. Alijinyima, kilo arobaini zikaondoka. Mwili ulikwenda, ngozi ikabaki. Juu ya viwiko ilining'inia kulia na kushoto, na kila alipounyoosha mkono kuchukua mkasi, ilitikisika.

"Fundi, leo unaruka!" wateja walimtania. Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni. Miaka sita aliwashonea wenzake magauni ya mikono wazi huku yeye akivuja jasho ndani ya mikono mirefu. Jamani, watu wana midomo!

Nyumbani alikuwa na mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Macho yake bibi yule yalizima kwanza, masikio yakafuata, akabaki na vidole tu. Kila jioni binti alipokaa kando ya kitanda, mama aliupeleka mkono juu ya kiwiko cha mwanawe, akaiminya ile ngozi laini mara mbili, akatabasamu.

"Mabawa yangu. Umekuja."

Yeye ndiye aliyelianzisha jina hilo, kwa mapenzi. Mtaa ulilidaka tu na kulichafua.

Siku ya siku, fundi akaenda kwa daktari wa upasuaji. Daktari alimchora kwa kalamu kutoka kwapani hadi kiwikoni. "Hii yote tunakata, halafu tunashona."

"Kumbe fundi mwenzangu!" alisema Mabawa. "Na akiba unaacha?"

Daktari hakuelewa. Ikabidi amweleze alivyofundishwa na mama yake: nguo ikipunguzwa, kitambaa kinachozidi hakikatwi. Unakikunja ndani ya mshono, kwa sababu mwenye nguo huenda akanenepa kesho, na hapo unafumua tu.

"Ngozi hatufumui, mama," daktari alicheka. Naye akacheka, akatia saini.

Mama hakuambiwa. Asiyeona wala kusikia angeambiwaje? Tena fundi aliona ni habari ya mikono yake mwenyewe, inamhusu nani? Alimwachia mdogo wake wa kike kazi ya kumtunza mama, akaenda kwa shangazi kuuguza vidonda wiki saba.

Alirudi na gauni la njano, mikono wazi. Wateja walishika vinywa. "Weee! Haya makubwa!" Alitembea barabara nzima bila kujikunyata, na mimi simlaumu hata kidogo. Alikuwa na furaha, na furaha ile alikuwa ameitolea jasho.

Jioni, alipokaa kando ya kitanda cha mama yake, mkono wa mama ulipanda, ukaminya. Ukaminya tena. Kisha ukajivuta.

"Wewe nani?"

Aliushika mkono ule, akaupeleka usoni kwake. Mama akaunyakua. "Nitolee uso wako! Namsubiri mwanangu." Mdogo mtu aliingia kati, akaviunganisha viganja vyao, akavibana kwa nguvu. Mama akafikiri kidogo, akaelewa lake.

"Ahaa, ndiye mliyemtafuta anitunze. Karibu, binti." Sauti ikamkatika. "Lakini Mabawa yuko wapi siku zote hizi? Amekufa, mnanificha?"

Usiseme fundi hakujaribu. Alishona vifuko viwili, akavijaza pamba, akavifunga chini ya mikono ya blauzi. Mama aliminya mara moja tu, akamsukuma. "Msinichezee! Miaka hamsini nimeshika vitambaa, pamba nisiijue?" Tangu hapo alikula akilishwa na mwanawe mwenyewe, na baada ya kila mlo aliuliza kama mwanawe amefika.

Asubuhi moja fundi alikuwa anamwogesha. Mama akamshika mkono asiteleze, na vidole vyake vikakutana na kovu. Vilisimama. Vikaanza kulifuata polepole kutoka kiwikoni kupanda kwapani, kama alivyokuwa akikagua kazi za wanafunzi wake.

"Maskini wee," alisema. "Nani kakushona hivi? Amekata yote, hakuacha hata kidogo ndani. Sasa ukitaka kufumua utafumua nini?"

Chozi la fundi likamdondokea mama mkononi, la moto kuliko yale maji. Mama akampapasa bega.

"Nyamaza, binti, usilie. Mwanangu ni fundi, nimemfundisha mwenyewe. Akirudi nitamwambia akurekebishie."