Chumba cha Taa Nyekundu

Bibi alikuja kumlea mjukuu, si kujifunza habari za mwani. Lakini mkaza mwana wake alirudi kazini mapema na mtoto bado ananyonya, basi bibi naye akawa anashinda kitaluni, mahali pa kuoteshea mwani, mtoto begani.

Kazi yenyewe hakuielewa hata kidogo. Baharini aliuona mwani mrefu kama mti wa msituni, umeng'ang'ania mwamba chini, majani yameinuliwa juu na vibofu vya hewa. Kitaluni kulikuwa na chupa za maji tu, ndani ya chumba baridi chenye taa nyekundu.

"Kwani haupandwi kwa mizizi?" bibi akauliza.

"Hauna mizizi, mama," mkaza mwana akamwambia. " Ile ya chini ni ya kushikia jiwe. Chakula unafyonza kwa mwili mzima."

"Na mbegu?"

"Hauna. Unatoa kama vumbi, linaogelea. Likitua linageuka viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vya kike na vya kiume. Ndivyo vilivyomo kwenye chupa hizi. Vikizaana ndipo unatoka mwani mkubwa."

Bibi akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. "Kwa hiyo mtoto hafanani na mzazi wake?"

"Hata kidogo. Anafanana na bibi yake."

"Makubwa haya!"

Mchana mmoja mkaza mwana alitoka na boti. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Bibi akaona ni ule wekundu unaomtisha, akawasha taa nyeupe. Kimya. Tangu hapo, kila mama mtu akitoka, bibi huwasha. Boti ikirudi, huzima.

Wiki zikapita, siku moja mkaza mwana akainua chupa, akaganda. Maji yalikuwa na utando wa kahawia.

"Nani amewasha taa humu?"

"Mimi. Mtoto alikuwa analia. Nimeviua?"

"Hujaviua, mama. Umevizalisha! Taa nyekundu ndiyo inavizuia. Nilikuwa navisubirisha bahari ipoe."

Bibi hakujua acheke au aombe radhi. Kosa gani hili, la kuzalisha?

Haikuwezekana kusubiri tena. Vichanga vya mwani vilishikizwa kwenye nyuzi, vikashushwa baharini. Vya juu, penye maji ya vuguvugu, vilikufa vyote. Vilivyoshushwa chini zaidi, kwenye baridi, vingine vilishika.

Mkuu wa kitalu alipokuja kuuliza, bibi alikuwa nyuma ya mlango, ameshajiandaa kusema ukweli. Akamsikia mkaza mwana: "Ni mimi, mkuu. Nilisahau taa."

Mkaza mwana akakemewa vikali, akatoka, akajifuta uso kwa kitenge cha mtoto.

"Mbona umejitwika, mwanangu? Mimi mgeni tu, wangenifanya nini?"

"Basi tu, mama."

"Basi tu nini?"

Mkaza mwana akanyoosha mikono kumpokea mtoto anyonye. Bibi akabaki amesimama pale, mabega mepesi, hajui akae au atoke. Mwisho akaenda kumletea maji ya kunywa.