Ubao wa Cora

Dhahabu ya mji wetu wa Tarrant ilipokwisha, watu walihama na nyumba zao. Kwetu Nevada mbao ni adimu, kwa hiyo nyumba haiachwi. Inanyanyuliwa nzima, inafungiwa magurudumu, nyumbu wanaivuta hadi kwenye mgodi mwingine.

Mimi niligoma. Binti yangu Cora alizikwa nyuma ya mji, pamoja na watoto wengine waliokufa kwa homa, makaburi yamebanana. Upepo ulikuwa umeshayasawazisha, na ubao wenye jina lake ndio pekee ulionionyesha mwanangu alipo. Mdogo wangu Lemuel aliniapia kwa Biblia ya mama: "Ukibaki, nabaki, dada." Nikamwamini, mjinga mimi.

Nikaenda mji wa reli kung'oa jino. Niliporudi, sikuikuta nyumba. Zilibaki ngazi za mawe tu. Alama za magurudumu zilikatiza makaburini, maana ndiko kulikokuwa tambarare. Hapakuwa na ubao hata mmoja, na udongo wote ulikuwa umesagwa.

Nilizifuata alama hadi mji mpya. Nyumba yangu ilikuwa imegeuzwa baa, na Lemuel alikuwa nyuma ya kaunta akifuta glasi kwa aproni yangu.

"Aa, dada! Nilijua tu utakuja. Chumba chako kiko vilevile."

"Mbao za makaburi ziko wapi?"

"Keti kwanza. Na hilo shavu, mbona umefanana na nyumbu wangu?"

Wachimbaji wakacheka. Kaunta ilikuwa ya mbao fupi fupi zilizogongomelewa pamoja; niliinama nikaichungulia kwa chini. Jina la Cora lilikuwa pale, herufi nilizozichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

"Ungekufa njaa kule peke yako," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nilibembeleza, hukusikia. Nikasema, kaburi lisipoonekana, atabaki kumlinda nani?"

Siku ile nilimchukia kuliko homa iliyoniulia mtoto. Nilichukua nyundo nikaubandua ule ubao, glasi zikaanguka sakafuni. Hakunizuia.

"Naurudisha. Niambie uliung'oa wapi. Safu ipi? Kando ya nani?"

Lemuel aliutazama ubao, akanitazama mimi. Uso ukamshuka.

"Tulizing'oa zote kwa mkupuo, dada," alisema. "Tukazitupa garini. Sikuangalia."