Saini ya Bibi Mwamvita

Mimi si mtu wa mbwa. Nasema mapema ili nisionekane nimejipendekeza. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Bukoba, na kila mwaka nakusanya mashairi ya watoto kuhusu wanyama wao, yanachapwa kijitabu kule Miembeni, nakala nyingine tunawapelekea wenzetu wa Muleba. Mwaka huu mashairi yalikuwa kumi na tisa. Kumi na moja yalihusu mbwa.

Sharti langu lilikuwa moja. Chini ya kila karatasi niliandika "mzazi au mlezi", naye asaini hapo kuthibitisha kwamba yaliyosemwa ni kweli. Nililiweka kwa sababu mwaka jana Julius wa Kashai aliandika beti sita juu ya farasi wake. Siku ya wazazi baba yake alisimama akauliza huyo farasi analala wapi, maana wao wamepanga chumba kimoja. Watu walicheka mpaka mwalimu mkuu akanikazia macho.

Shairi bora mwaka huu lilikuwa la Hafidha wa Bilele, mtoto mkimya mwenye mwandiko wa kubana. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

*Mbwa wangu hana nyumba, mvua inamnyeshea,*
*Hulala penye mgomba, getini aningojea,*
*Chakula hajaniomba, hadi kwetu hutembea,*
*Twarudi wote sambamba, mlangoni hupotea.*

Niliusoma mara tatu, na nakiri uliniingia. Mbwa mwenyewe nilikuwa namfahamu kwa sura. Aliachwa na Ombeni, mvuvi wa dagaa aliyewahi kupanga jirani na kina Hafidha, kisha akarudi visiwani Muleba bila kuaga mtu wala mnyama.

Chini ya shairi hapakuwa na saini.

"Bibi hawezi kusaini, mwalimu," Hafidha alisema. Analelewa na bibi yake, Bi Mwamvita, anayesomesha watoto Kurani sebuleni kwake. "Hajui kama namshika huyo mbwa. Akijua hataniruhusu hata kupita naye njia moja."

"Bila saini halichapwi."

"Najua." Macho yalimjaa, akayageuzia dirishani. "Lakini ndilo shairi langu."

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata *mbwa*, nikaandika *paka*. Mizani haikuyumba, vina vikabaki palepale. Paka anaingia mpaka msikitini na hakuna anayemfukuza. Nikamwambia alinakili upya, ampelekee bibi yake, alirudishe kabla ya Alhamisi. Hafidha aliitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa kiatu kizuri cha mguu mmoja, akaitika, akaondoka. Mimi nilijisifu kimoyomoyo. Nilidhani nimepatanisha dini na fasihi, na chai bado ni ya moto.

Alhamisi Hafidha hakuja peke yake. Bi Mwamvita aliingia ofisini amejitanda kanga, karatasi mkononi, mjukuu nyuma yake. Nilisimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Nimekuja na shairi." Hakukaa. "Huyu kanisomea juzi. Paka hana nyumba, ananyeshewa, anamngojea getini, anamsindikiza mpaka kwetu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Mwalimu, nimefuga paka tangu sijaolewa. Ni paka gani huyo, mvua ya Bukoba inanyesha na yeye amelala tu nje anamngoja mtu?"

Niliitazama karatasi mkononi mwake.

"Nikamwambia, huyo ni mbwa. Akalia. Nikajua ni yule wa Ombeni." Alimgeukia Hafidha. "Unamshika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Anakulamba?"

"Ndiyo, Bibi. Mikono."

Nikajua sasa kimeumana. Nilijiandaa kusema maneno ya kumtetea mtoto, maneno laini ya kiofisi, lakini bibi aliinua kiganja kabla sijafungua kinywa.

"Na nani alikwambia uandike paka?"

Hafidha alitazama viatu vyake. Hakunitaja. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa tayari kubeba mzigo wangu, na mimi, mtu mzima mwenye kalamu mbili mfukoni, nilijishughulisha kupanga madaftari mezani. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kazi.

"Ni mimi, Bibi," nikasema mwishowe. "Niliona ni kidogo. Neno moja tu."

"Kidogo." Alilirudia polepole. "Mbwa akikulamba, mwalimu, tumefundishwa la kufanya. Unaosha mara saba, na moja yake kwa udongo. Ukimaliza umetakata, unaswali. Huyu ningemwosha mimi mwenyewe uani, tukamaliza. Lakini huu uongo mliotaka niutilie saini yangu, nao tunauosha mara ngapi? Udongo wake tunauchota wapi?"

Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba jedwali la mbili. Bi Mwamvita aliiweka karatasi mezani, akanyoosha mkono nimpe kalamu. Alikata *paka* mwenyewe, akamwita Hafidha aandike juu yake neno lilelile la mwanzo. Mtoto aliandika, pua inamtiririka, na mwandiko wake safari hii ulikuwa mkubwa.

Kisha bibi aliinama akasaini kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa utotoni. Nilidhani tumemaliza. Nikanyoosha mkono kuichukua karatasi, akaizuia kwa kidole.

"Bado wewe," alisema. "Hapo umeandika mzazi au mlezi. Saa za shule mlezi wake ni nani?"

Nilisaini. Hafidha alikuwa ananitazama mkono.