Mpira Usiokuwa na Harufu

Mpima ardhi alistaafu akiwa na macho mazima na mikono isiyotetemeka, lakini homa ya mwaka jana ikampokonya pua na ulimi. Vilikuwepo, ila vimekaa tu kama viti vya wageni. Kitunguu kikiungua jikoni, yeye anaendelea na gazeti lake. Na ganzi hiyo ilipoona hakuna wa kuifukuza, ikateremka mpaka kifuani. Mjukuu alizaliwa, akasema hongera. Dada yake akazikwa, akashika koleo kama wengine, akarudi nyumbani na kulala usingizi mzuri tu.

Kitu pekee kilichokuwa kinamtoa kitandani ni bia. Alikuwa akiitengeneza mwenyewe, jikoni kwake, lita ishirini kila baada ya wiki tatu. Zamani aliionja kila hatua. Sasa alipika kwa namba tupu, na ulimi wake ukawa mkewe, mshonaji. Mke akisema nzuri, mpima aliandika "nzuri" daftarini, na siku hiyo ilikuwa na faida. Alishajiambia kwamba hata hilo likimshinda, atajilalia aangalie dari, basi.

Jumamosi hiyo namba zikagoma. Alikuwa ameshaloweka kimea cha shayiri, akakisuuza kwa maji ya moto, na yale maji matamu akayachemsha saa nzima na hopsi zake, yale maua ya kuitia bia uchungu. Akachota kidogo, akapoza, akatumbukiza kipimo chake cha kioo, kile kinachoelea juu sukari ikiwa nyingi na kuzama ikiwa haba. Alitarajia elfu moja na hamsini. Kikasimama kwenye elfu moja na arobaini.

"Mama watoto, hebu njoo uonje."

Mkewe akaja na futi kamba shingoni na pini mbili mdomoni. Akazitoa pini, akanywa funda moja.

"Tamu, baba watoto. Kama kawaida."

Akarudi kwenye cherehani yake chumba cha pili.

Mpima akamwamini mkewe kuliko kioo, na kwa mtu aliyekula mshahara wa vipimo miaka thelathini na minne, hilo si jambo dogo. Akadhani kipimo ndicho kibovu. Akakijaribu kwenye maji matupu ya bomba: elfu moja kamili, hakikukosea hata unywele. Akaingiza kwenye sufuria ule mti aliouchora mistari ya lita. Ishirini na tano. Akakumbuka: alipokuwa akisuuza kimea, akihesabu majagi kwa kuwa hawezi tena kuonja na kujua utamu umekwisha, mkewe alimwita amtungie uzi kwenye sindano. Aliporudi, bila shaka alianza kuhesabu nyuma ya pale alipoachia. Maji yalikuwa yamezidi lita tano.

Kwa hiyo maji yale hayakuwa matamu kama kawaida. Yalikuwa yamepooza, na mtu mwenye ulimi mzima amesema tamu.

Akasimama na mti wake mkononi. Kisha akatoa kwenye friji chupa ya mapishi yaliyopita, akaimimina toka glasi hii kwenda ile mpaka povu likaisha, akaipima. Bia yake ilitakiwa kuishia elfu moja na kumi na mbili. Hii ilikuwa elfu moja na moja. Hamira haili sukari yote namna hiyo. Kuna mdudu mwingine aliyekuwa akila naye sahani moja, na mdudu huyo huacha uchachu. Hapo akamkumbuka shemeji yake, dereva wa lori, mtu ambaye hajawahi kukataa hata maji ya betri, na ambaye ghafla daktari alikuwa amempiga marufuku pombe, lakini ya nyumba hii tu.

Akachukua ule mpira wa kuhamishia bia ndooni. Miaka yote aliunusa kwanza: ukinuka anauosha kwa dawa, usiponuka anausuuza tu. Na kwa miezi saba alikuwa ameunusa kwa uaminifu mkubwa, pua imezama ndani, akaridhika. Mtu mzima na akili zake alikuwa amemtuma kipofu akakague rangi ya ukuta. Akaupasua kwa kisu cha jikoni. Ndani ulikuwa na utelezi wa kahawia, mwanzo hadi mwisho.

Akaenda nao mlangoni kwa mkewe.

"Bia yangu imeharibika tangu lini?"

Mkewe akasimamisha cherehani.

"Tangu ya pili baada ya homa."

"Na ulikuwa unakunywa."

"Glasi mbili kila Jumamosi. Umekaa mbele yangu unanitolea macho, ningeimwaga wapi?"

"Ungesema ni mbaya."

"Ningesema, ungeacha kupika." Mkewe alikuwa anaangalia kitambaa, si yeye. "Nilikuona wiki zile, mume wangu, umegeukia ukuta. Nikaona heri tumbo langu."

"Lilikuwa linauma?"

"Jumapili zote."

Akaona haya. Yalianzia masikioni yakashuka shingoni, haya ya moto, ya mtu aliyemlisha sumu mkewe huku akimwandikia "nzuri" kwa kalamu nyekundu. Yaliuma kwelikweli. Alishangaa tu kwamba yanauma, akakaa kwenye kiti cha wateja yaendelee kidogo.

Kisha akainuka, akautupa mpira nje kwenye pipa, akawasha jiko upya bila mfuniko ili lita tano za ziada ziondoke na mvuke. Kipimo cha kioo alikirudisha ndani ya boksi lake. Mkewe akaburuta kiti mpaka jikoni, suruali ya mteja mapajani, akipinda pindo kwa mkono.

Baada ya nusu saa mpima akampelekea kijiko, akikipuliza.

"Sema kweli."

Mkewe akaonja, akakunja uso.

"Maji ya kuoshea vyombo."

Nusu saa nyingine, kijiko kingine.

"Bado," akasema mkewe.

Naye akarudi kwenye jiko, mwepesi miguuni, kwenda kuongeza moto.